Ushanga wa Zambarau wa Akiru

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa damu. Niliosha vioo. Mkuu wa maabara ya hospitali pale Lodwar, mwanamume mrefu kutoka Meru ambaye koti lake jeupe lilifika magotini, alinipa karai, sabuni na rundo la slaidi, vile vipande vyembamba vya kioo ambavyo tone la damu hupakwa juu yavyo ili lisomwe kwa darubini. Siku hizi slaidi hutumika mara moja ikatupwa. Wakati ule tuliziosha, tukazikausha, tukazitumia tena. Nilimaliza kabla ya saa sita nikajiona hodari. Mkuu akachukua moja, akaielekeza dirishani, kisha akanisukumia karai.

"Osha tena."

"Zote, Daktari?"

"Mimi si daktari. Zote. Mafuta ya kidole chako yako hapo. Mtu atasoma kidole chako akidhani ni malaria."

Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Sikujua malaria inasomwa. Nilijua inaua tu. Niliziosha tena, na nikaendelea kuosha kwa muda mrefu kabla Mkuu hajaniita mezani kunionyesha namna ya kutoa damu. Alifunga mpira juu ya kiwiko chake mwenyewe, akanipa mkono.

"Usitafute kwa macho," alisema. "Macho yatakudanganya, hasa kwa watu weusi kama sisi. Tafuta kwa kidole. Mshipa ukiubonyeza unarudi. Kano hairudi. Umesikia kinachorudi?"

"Nimesikia."

"Basi choma, na usifumbe macho. Mgonjwa ndiye mwenye ruhusa ya kufumba."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutoa damu, ambayo nimeifanya hadi kustaafu. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia maabara leo mkiwa na vyeti, kwa sababu kazi hii inabadilika haraka, na kuna jambo moja ndani yake ambalo sioni likifundishwa.

Kutoka Lodwar nilihamishiwa Kakuma. Huko msimamizi wangu alikuwa muuguzi mkuu, mama wa Kitale mwenye sauti ya kengele. Kanuni yake ilikuwa moja: sema kabla ya kuchoma. Hakujali unasema kwa lugha gani. Wagonjwa wetu walikuwa Waturkana wa mjini, Wasomali, watu wa Sudan Kusini, Wakongomani, wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Kenya. Nilijifunza kusema "pole" na "kidogo tu" kwa lugha nyingi, na matusi ya lugha hizo niliyapata bila kuyatafuta.

Namkumbuka mama mmoja Mkongomani aliyeushikilia mkono wake kifuani asinipe.

"Dada, ile damu yote munabeba, munapeleka wapi? Munauzisha?"

"Tunapeleka chumba kile pale, mama. Mlango wa kijani."

"Na jibu?"

"Kesho asubuhi."

"Kesho kama haiko, miye nakuja kuchukua damu yangu."

Alicheka, akanyoosha mkono. Kesho yake jibu lilikuwepo. Nawaeleza habari hii kwa sababu ndivyo hospitali ilivyo: damu ya mtu inaulizwa habari za mtu huyo, na jibu linamrudia yeye. Utafiti si hivyo. Katika utafiti damu ya mtu inaulizwa habari za watu wote, na jibu linaweza kuchukua miaka mingi, na likija linaweza lisimtaje kabisa aliyeitoa. Tofauti hiyo sikuielewa mpaka nilipoingia humo mwenyewe.

Niliingia nilipokuwa nimerudishwa Lodwar, kundi la watafiti lilipokuja pale kutafuta mtu wa kutoa damu anayejua Kiturkana na anayeweza kupanda gari kutwa bila kutapika. Mkubwa wao tulimwita Daktari wa Utafiti. Alikuwa kijana wa Machakos aliyesomea ng'ambo, mpole, mwenye haraka. Swali lao lilinishangaza kwa urahisi wake. Walitaka kujua mwili wa Mturkana unawezaje kuishi na maji kidogo, nyama, maziwa na damu ya mifugo, katika joto hili, bila figo kuharibika.

"Sisi tumezoea tu," nilimwambia.

"Labda," alisema. "Au labda mababu zenu waliozoea ndio waliobaki, na mazoea yao yameandikwa ndani yenu."

Alimaanisha DNA, ule uzi mrefu mno uliokunjwa ndani ya kila chembe ya mwili, ambao mtu huupokea kwa baba na mama yake. Zamani kuusoma uzi huo wote kwa mtu mmoja ilikuwa kazi ya mataifa makubwa. Siku hizi mashine inausoma wa watu wengi pamoja, na kompyuta inaulinganisha na wa watu wa kwingine ili kuona palipo na tofauti. Lakini mashine hiyo inahitaji damu iliyotunzwa vizuri, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Tuliwatembelea watu wa aina tatu: wafugaji wa ndani kutoka Kataboi, wavuvi wa Longech, na watu wa mji wa Kakuma. Kila mmoja alitoa mkojo kwenye kikopo na damu kwenye mirija yenye vifuniko vya zambarau. Ndani ya mrija wa zambarau kuna dawa kavu inayozuia damu kuganda. Ukiujaza unaugeuza taratibu, juu chini, juu chini. Huutikisi, kwa maana chembe zitapasuka. Baadaye unauweka kwenye mashine ya kuzungusha inayoendeshwa kwa jenereta, na damu inajitenga: nyekundu chini, maji ya manjano juu. Kisha inaingia kwenye mtungi wa naitrojeni, kimiminika baridi kupita barafu yoyote, kinachotoa moshi ukifungua. Wazee wa Kataboi waliuita chungu kinachochemka bila moto.

Sasa niwaambie ya boma la kwanza, maana ndipo kazi ilipotaka kufia.

Lilikuwa boma la dada yangu mkubwa, Akiru, kule Kataboi. Jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Mimi nilipelekwa shule, yeye akabaki na mbuzi, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyeacha kumcheka mwenzake kwa hilo. Tuliposhuka kwenye gari alinitazama nikivaa glavu.

"Wewe uliyekuwa unakimbia jogoo," alisema mbele ya watu wote, "leo ndiye unayechoma watu?"

"Keti chini, nikuchome wewe kwanza."

Alikuwa karibu kuketi. Mama mkwe wake akamzuia kwa fimbo. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, shanga zimemjaa kutoka mabegani hadi kwenye kidevu.

"Mtachoma watu, mtaweka damu kwenye sanduku, mtaondoka," alisema. "Nani atainywa?"

Nilipomtafsiria Daktari wa Utafiti, alicheka. Alidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka.

Kwetu ng'ombe au ngamia hutolewa damu akiwa hai. Shingo inafungwa kamba, mshale wenye ncha fupi unatoboa mshipa, damu inakingwa kwenye kibuyu, kisha jeraha linazibwa. Damu hiyo inanywewa pale pale, na kila mtu anamwona anayekunywa. Bibi yule hakuwa mjinga. Alijua hatutainywa. Alikuwa anauliza damu hii inaenda kumfaa nani, na watajuaje kwamba imemfaa. Nilimweleza Daktari hivyo.

"Mwambie tumewaletea sukari na majani ya chai, kushukuru."

Nilimwambia.

"Sukari nitakunywa," bibi alisema. "Sukari si jibu."

Siku hiyo hatukupata hata mrija mmoja. Wanawake walikaa pembeni wakashauriana, wakamwita Daktari, wakampa masharti yao. Kila atakayetoa damu apewe ushanga mmoja wa rangi ileile ya kifuniko cha mrija wake. Auvae. Siku watafiti watakaporudi na neno lililotoka kwenye damu, asimame alisikie, kisha aurudishe ushanga. Na kama atachoka kungoja, aulete tu huo ushanga, na damu yake imwagwe.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo lililonifanya nimheshimu.

"Hiki ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi zetu za ridhaa, kurasa na kurasa. Wao wamekiweka kwenye ushanga mmoja. Tukanunue shanga."

Tulipofika Lodwar dukani, shanga za zambarau zilikuwa zimekwisha, akanunua za buluu. Nilimwonya, akaniambia rangi ni rangi. Tuliporudi, mwanamke wa kwanza aliweka ushanga wa buluu kando ya mrija wake, akavitazama, akamrudishia Daktari.

"Huu wa mtu mwingine," alisema. "Mtafute mwenyewe."

Tukarudi tena Lodwar. Kwa hiyo wakati mwingine mtakapoona gari la utafiti likizunguka jimbo kutafuta shanga, msicheke.

Akiru alikuwa wa kwanza kutoa. Mshipa wake ulikuwa imara kama kamba. Mkojo wake ulikuwa mzito na mweusi kama chai ya rangi, kwa kuwa alikuwa ametembea na mbuzi tangu alfajiri akiwa amekunywa maji kikombe kidogo.

"Waulize hao," aliniambia, akiutazama mrija ukijaa. "Kwa nini mimi natembea kutwa bila maji na sianguki, na wewe unayekunywa chai kila saa unaumwa kichwa?"

"Nitawauliza."

"Na uniletee jibu wewe. Si mtu mwingine."

"Nitakuletea."

Niliufunga ushanga kwenye uzi wa shingoni mwake kwa mikono yangu.

Utafiti uliendelea, na mimi nikaendelea nao, boma kwa boma. Katikati ukaja ukame uliomaliza mbuzi wa Akiru. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Akahamia Kakuma na binti yake Nawoi, akauza kuni na makaa. Mjini alikula kama watu wa mjini: chai yenye sukari nyingi, mandazi, ugali, mafuta ya kukaangia, chumvi. Alinenepa, na tulifurahi. Sisi tulifundishwa kwamba aliyenenepa amepona njaa. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Kipimo cha presha kilionyesha presha ya juu sana, na figo zilikuwa zimeanza kuchoka.

Nilimleta hospitali Lodwar. Wauguzi wa pale walifanya kazi yao na zaidi. Lakini figo zikishachoka hivyo, hakuna wa kulaumu aliyesimama karibu. Yeye aliyepewa jina la mvua, mwili wake ulikataa kuachilia maji. Mchana mmoja nilikuwa namkanda miguu.

"Ile damu yangu," alisema, "ile iliyo kwenye chungu cha baridi. Bado iko?"

"Iko."

"Haijazeeka?"

"Pale haizeeki. Iko kama siku niliyoitoa."

Alifikiri. "Basi hiyo ni ya Akiru wa mbuzi. Hii ya sasa ni ya Akiru wa makaa. Waambie waiulize ile. Iseme kwa nini huko sikuugua, na hapa nimeugua."

"Nitawaambia."

"Nawoi ana mwili wangu," alisema. "Nataka ajue."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka huo. Shanga zake zilivuliwa zikagawiwa. Nawoi aliomba uzi mmoja tu, ule wenye ushanga wa zambarau.

Sitasema mengi juu ya siku zile. Nilirudi kazini. Mikono ilijua la kufanya.

Jibu lilipopatikana, mimi nilikuwa karibu kustaafu. Mratibu mpya wa ofisi yetu ya Lodwar, mama msomi mchapakazi, ndiye aliyeniambia. Matokeo yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wataalamu mbali. Nikamuuliza tutaenda lini Kataboi.

"Tutaangalia, Mama Lokol. Gari liko Lokichoggio, na Daktari ana mikutano."

Wiki iliyofuata nilimuuliza tena. Na iliyofuata. Nilikuwa naingia, nasalimia, naketi kwenye benchi la mlangoni, naendelea kuketi.

"Mama Lokol, unastaafu mwezi ujao," alisema siku moja. "Si upumzike?"

"Nitapumzika nikitoka Kataboi."

"Watu wale wameshasahau, mama. Wengine wamehama."

"Wamevaa," nilimwambia. "Mtu hasahau kitu kilicho shingoni."

Akainua simu, akampigia Daktari wa Utafiti. Nilisikia sauti yake upande wa pili, imekuwa nzito kidogo kwa umri. Alisema neno moja tu, "Shanga," kisha akasema anakuja.

Tulikutana mahali lilipokuwa boma la Akiru. Habari zilikuwa zimetangulia, na watu walitoka mbali, wengine kutoka Longech na samaki wakavu mkononi. Nawoi alikuja kutoka Kakuma kwa basi na pikipiki, amevaa fulana na uzi wa mama yake. Yule bibi, mama mkwe wa Akiru, alikuwa bado hai, haoni tena, fimbo ni ileile.

Daktari alisema kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Nawaeleza kama nilivyoeleza siku ile. Damu yenu imesema hivi: katika ule uzi wa urithi kuna sehemu ambapo ninyi mnatofautiana na watu wengi wa kwingine, na sehemu hiyo inahusika na figo. Inaonekana inazisaidia kushikilia maji na kuondoa uchafu unaotokana na nyama. Haikuja jana. Ilijengeka vizazi kwa vizazi kadiri nchi hii ilivyozidi kukauka. Lakini mwili uliojengwa hivyo ukiketi mjini, ukipewa sukari, mafuta na chumvi kila siku, kuna dalili kwamba kile kilichokuwa msaada kinaweza kugeuka mzigo: presha, kisukari, figo. Kwa hiyo aliyehamia mjini apimwe mapema, asingoje kuvimba.

Kisha bibi akauliza, "Kwa hiyo ile sukari yenu ya siku ile?"

Nilitafsiri. Daktari akainamisha kichwa, halafu akacheka, na safari hii wote tukacheka naye.

Walianza kuja mmoja mmoja, wakakata shanga na kuzitia kwenye kopo la bati nililoshika. Kila ushanga ulilia kidogo ulipoanguka. Nawoi alikuja wa mwisho. Alikuwa tayari ameushika wa mama yake kwa vidole viwili.

"Mama," aliniita, maana kwetu dada ya mama ni mama. "Muulize. Hiyo ndiyo iliyomuua?"

Nilimuuliza Daktari. Akautazama ule ushanga.

"Siwezi kusema," alijibu. "Tunayoyajua ni ya watu wengi pamoja. Juu ya mtu mmoja, hatujui. Inawezekana. Inawezekana pia ilikuwa kitu kingine."

Watu wote walikuwa wananitazama mimi, kwa kuwa wengi hawakumsikia vizuri. Neno "ndiyo" lilikuwa dogo, na lilikuwa karibu. Lingempa Nawoi mahali pa kuweka kilio chake, na mimi pia. Dada yangu alisema nimletee jibu, na hilo lingefanana na jibu. Lakini mtu wa maabara hasomi kidole chake akakiita malaria.

"Hawajui," nilimwambia kwa Kiturkana, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Kwa watu wengi wanajua kidogo. Kwa mama yako, hawajui."

Nawoi hakulia. Alikaza fundo la ule uzi, akaurudisha ushanga kifuani.

"Basi huu unakaa," alisema.

"Amesema nini?" Daktari aliuliza.

"Amesema bado."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Nawoi akaketi kwenye kiti chetu cha turubai cha kutolea damu, akaweka mkono juu ya goti langu, kiwiko kimenyooka.

"Nipime presha. Na damu utoe," aliniambia. "Lakini nipe na ushanga wangu."

Mshipa wake ulirudi chini ya kidole changu kama wa mama yake. Nilisema kabla ya kuchoma. Huo ndio ulikuwa mkono wa mwisho niliouchoma kazini.

Sasa nakaa Lodwar, asubuhi nafagia uwanja, jioni nasikiliza redio. Vijana wa maabara hunitembelea wakanieleza mashine mpya, na nafurahi, kwa sababu mashine hizo zitafika mahali ambapo sisi hatukufika. Ombi langu kwenu ni moja. Mnapofunga mpira kwenye mkono wa mtu wa utafiti, mwambieni jina lenu, na mjue njia ya kurudi kwake. Na mkirudi hamjui, rudini hivyohivyo mseme hamjui. Msikae ofisini mkingoja mjue yote.

Presha ya Nawoi ilikuwa imeanza kupanda. Imekamatwa mapema, anameza dawa, amepunguza chumvi na analalamika chai haina ladha. Anapopita Lodwar hunisalimu mlangoni, "Ejok, Mama," nami humjibu, "Ejok-nooi." Shingoni ana shanga mbili za zambarau, moja iliyopauka na moja mpya. Haniulizi kitu. Hunywa chai yake isiyo na sukari, huaga, huondoka. Kesho yake asubuhi navaa viatu, naenda ofisini kwa Mratibu, naketi kwenye benchi la mlangoni.